Betri za Kuchaji kwa Gemu na Droni: Ipi Inastahili Pesa Yako

Ukitafuta betri ya kuchaji, jicho hukimbilia namba iliyoandikwa ubavuni: 2000 mAh, 2500, 2800. Namba hiyo inaeleza betri ikiwa mpya inabeba chaji kiasi gani, basi. Haikwambii itachajiwa mara ngapi kabla ya kuchoka, wala itabaki na chaji kiasi gani ikilala kwenye droo miezi mitatu. Mimi hupanga betri kwa mambo hayo mawili.

1. NiMH (nikeli-metali hidridi) zinazotunza chaji

Kwa kontrola ya gemu, kipanya kisicho na waya au gemu za zamani zinazotumia AA, anza hapa na huenda usihitaji kwenda mbali zaidi. NiMH za zamani zilikuwa zikipoteza chaji zenyewe ndani ya wiki chache. Hali ilibadilika mwaka 2005 Sanyo ilipotoa Eneloop, ambayo sasa iko chini ya Panasonic, na kampuni nyingine zikafuata.

Linganisha ndugu wawili wa jina hilohilo. Eneloop ya kawaida ya AA ina takriban 2000 mAh, na mtengenezaji huitaja kwa machaji yapatayo 2100. Eneloop Pro ina takriban 2500 mAh, lakini machaji yake ni 500 tu. Unaongeza robo ya ujazo, unapoteza zaidi ya robo tatu ya uhai! Pro ichukue kama kifaa chako kinafyonza umeme mwingi kwa mkupuo, mfano flashi ya kamera.

Wengi huogopa kwamba NiMH ina volti 1.2 badala ya 1.5. Alkalini, zile za kawaida za kutupa, nazo huanza na 1.5 kisha hushuka kadiri zinavyotumika, ilhali NiMH hukaa karibu na 1.2 kwa sehemu kubwa ya safari yake. Kontrola ya Xbox inayotumia AA mbili hufanya kazi nazo vizuri kabisa.

Usibane matumizi kwenye chaja. Tafuta inayochaji kila betri peke yake na kujikata ikijaa. Zile zinazochaji mbilimbili kwa kuhesabu saa tu zinaua betri nzuri. Pia usichanganye kuukuu na mpya ndani ya kifaa kimoja.

2. Lithiamu za 18650

Ni kwa tochi na vifaa vya kujiundia. Ukubwa wake ni milimita 18 kwa 65, na nzuri za kweli hufika kama 3500 mAh. Ukiona imeandikwa 9900 mAh, iache palepale: huo ni uongo, na anayedanganya ujazo anaweza kudanganya usalama pia.

3. LiPo (lithiamu-polima)

Droni na magari ya rimoti yenye kasi huzihitaji, kwa hiyo hapa hujadili kununua au kutonunua, unajadili kuzitunza. Soma namba ya C, inayoonyesha betri inaweza kutoa umeme mara ngapi ya ujazo wake: betri ya 1500 mAh, yaani ampea-saa 1.5, yenye 30C inadai kutoa ampea 45 (1.5 mara 30). Chagua inayozidi mahitaji ya mota zako. Usiishushe chini ya volti 3.0 kwa kila seli, na kama hutarusha kwa siku kadhaa, iache kwenye 3.8 hivi, isikae imejaa 4.2. Usiichaji ukiwa umelala. Ikivimba, acha kuitumia na uipeleke panapokusanywa betri chakavu.

4. AA za lithiamu za volti 1.5

Nimeziweka mwisho kwa makusudi. Hushikilia 1.5 karibu mpaka mwisho kisha hukata ghafla, hivyo kontrola huonyesha chaji imejaa halafu ikazima katikati ya mechi. Zinahitaji chaja yake, na kuziweka kwenye chaja ya NiMH ni hatari. Zinunue tu kwa kifaa kinachogoma kwa 1.2.

Kuna pia betri za ndani ya gemu za mkononi. Lithiamu huzeeka hata isipotumika, na joto pamoja na kukaa imejaa muda wote huharakisha uzee huo. Kwa hiyo ukinunua ya kubadilishia, hakikisha volti na namba ya modeli vinalingana, kisha uliza tarehe ya kutengenezwa. Betri halisi iliyokaa stoo miaka minane inaweza kuwa mbaya kuliko mbadala mpya wa mtengenezaji anayeaminika.