Mkanda wa shingoni wa mbwa: ngozi au nailoni?

Kwa mtoto wa mbwa anayekua, chukua wa nailoni. Huo unaulegeza kidogo kidogo, kwa hiyo shingo ya sentimita 28 leo ikifika 34 bado mkanda ni uleule. Wa ngozi una matundu, na kati ya tundu na tundu huwa kuna kama sentimita mbili na nusu: hili linambana, lile linapwaya. Mkanda ukipwaya, mbwa hurudi kinyumenyume na kichwa kikachomoka. Nililiona hilo Ngong Road, matatu zikipita, na hadi leo moyo hunienda mbio.

Lakini nailoni ikilowa mvua za Aprili hukaa na unyevu, na ngozi ya mbwa chini yake huanza kuwasha. Mbwa mzima mimi humvalisha wa ngozi; ukipakwa mafuta hulainika na hudumu miaka.

Wowote ule, pima shingo kwa futi ya fundi cherehani, kisha pitisha vidole viwili chini ya mkanda. Viingie bila kulazimisha. Kwa mtoto wa mbwa, rudia kila wiki. Mimi hufanya Jumamosi kabla hatujaenda msitu wa Karura.