Mafunzo ya Kutia Rangi Fulana kwa Kufunga, Mji wa Kale, Mombasa

Jambo la kwanza linalostahili sifa katika karakana hii ya Mji wa Kale, iliyo mwendo mfupi kwa miguu kutoka Ngome ya Yesu, ni kwamba mafunzo yake huchukua siku mbili. Wapo wanaofundisha kazi hii kwa haraka, wakasuuza nguo saa ile ile ili kila mwanafunzi aondoke na fulana mkononi, nayo ikaanza kuchuja tangu mfuo wa kwanza. Hapa fulana iliyotiwa rangi huwekwa ndani ya ndoo yenye kifuniko badala ya mfuko wa plastiki (mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017) na kulazwa humo hadi kesho yake ikiwa mbichi, kwa sababu rangi ikikauka huacha kushika. Joto la Mombasa, ambalo hutuchosha katika kazi nyingine, katika kazi hii ni msaada mkubwa, kwani rangi hizi hushika vizuri penye joto na huzembea penye baridi.

Fundi wetu hakukubali mtu aguse rangi kabla hajaelewa kazi ya magadi. Alitueleza kwamba rangi ya aina hii haikai juu ya kitambaa tu, bali huungana na nyuzi za pamba zenyewe, na kwamba muungano huo hautokei mpaka kitambaa kiwe kimelowekwa katika maji ya magadi yaliyosafishwa, yale yatokanayo na Ziwa Magadi huko Kajiado, wala si yale mabonge tunayotia jikoni kulainisha maharagwe. Ndiyo maana pia alizikagua fulana zetu moja moja na kuzirudisha zile zenye poliesta, ambazo zingebaki na rangi hafifu hata tungejitahidi vipi. Anayepanga kwenda na anunue fulana ya pamba tupu, akisoma kibandiko cha ndani hata kama ni ya mtumba kutoka Kongowea.

Katika kufunga ndipo faida ya kujifunza kwa kikundi ilipoonekana. Kusokota fulana kuanzia katikati hadi iwe duara bapa ni kazi inayotaka mikono minne, mmoja akishikilia na mwenzake akizungusha mpira wa kufungia, na bibi mmoja aliyekuwa nasi, mzoefu wa kushona, alikuwa akipita akitukumbusha: “Kaza, mwanangu, mpaka kidole kikatae kupita.” Alisema kweli. Mahali palipolegea, rangi ilipenya na mistari myeupe ikapotea. Kikundi pia kilitusaidia kuona upesi rangi zinazogombana, kwa kuwa aliyeweka zambarau kando ya manjano alipata hudhurungi mbele ya macho yetu sote, na waliofuata wakaziacha nafasi.

Nina malalamiko mawili, na la kwanza ni zito. Glovu zilitosha, lakini barakoa zilikuwa chache kuliko watu, ilhali unga wa rangi ni mwepesi, huruka, na ukivutwa mara kwa mara unaweza kumletea mtu mzio wa pumzi. Unga ungepasa kukorogwa na fundi peke yake, akiwa na barakoa, kabla wanafunzi hawajaingia. La pili ni maji. Fulana husuuzwa kwanza kwa maji baridi mpaka yatoke karibu meupe, kisha kwa maji ya moto na sabuni, na kwa watu wengi hayo ni mapipa kadhaa. Siku ya pili pipa lilikauka tukasubiri mkokoteni wa mitungi, huku fulana zilizosuuzwa nusu zikilazwa pamoja na kuambukizana rangi.

Kwa hiyo atakayepeleka kikundi aulize mapema kuhusu maji, asizidishe watu wanane kwa siku, na awaambie wote waje na barakoa zao. Ada hujumuisha rangi na mipira, si fulana. Mfuo wa kwanza nyumbani fulana hizo zifuliwe peke yake.