Hita ya Maji ya Kuogea: Ipi Ununue Ikiwa Usalama wa Umeme Ndio Kipimo

Wanunuzi wengi wa hita ya maji ya kuogea huuliza maswali mawili tu, bei yake na kasi yake ya kupasha maji, na muuzaji huyajibu yote mawili bila kusita. Swali linalostahili kutangulia ni jingine: mtu akiwa amesimama chini ya maji, miguu yake ikiwa juu ya sakafu iliyolowa, kuna nini kati ya ngozi yake na waya wenye umeme? Katika mwongozo huu nimezipanga hita kwa kipimo hicho kimoja, wala si kwa jina la kampuni au uzuri wa umbo.

Kwanza nyumba, kisha hita

Kuna vitu viwili ambavyo nyumba haina budi kuwa navyo kabla ya hita yoyote kuingia bafuni, na asiye navyo afadhali aanzie huko kutumia fedha zake. Kimoja ni ethi ya kweli, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, unaoanzia ardhini na kufika hadi kwenye kifaa chenyewe. Cha pili ni RCD ya miliampia 30, swichi ya usalama inayojikata yenyewe umeme unapovuja.

Watu huichanganya RCD na breka ya kawaida, na kosa hilo ni la hatari. Breka ya ampia 32 huwekwa ili nyaya zisiungue, haimlindi mtu. Tukiukadiria mwili uliolowa kuwa na ukinzani wa omu 1,000, volti 230 zitapitisha ndani yake takribani miliampia 230, kiasi kinachoweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuua, lakini ambacho hakifiki hata sehemu moja ya mia ya kile ambacho breka hiyo inasubiri ndipo ikate. RCD hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Hulinganisha mkondo unaoingia kwa waya wa moto na ule unaorudi kwa nyutro, na tofauti ikifika miliampia 30, hukata umeme ndani ya sekunde 0.3, tofauti ikiwa kubwa mara tano ya hapo, hukata ndani ya sekunde 0.04.

Kuhusu ethi, niliwahi kupanga nyumba ambamo kila aliyegusa koki ya bafuni huku shawa ya umeme ikiwa imewashwa alihisi kama siafu wanamtambaa kiganjani. Nilikaa na hali hiyo majuma mawili, jambo ambalo leo nalionea aibu. Siku niliyozima swichi kuu na kufungua kifuniko cha shawa, niliukuta waya wa kijani na njano umekatwa sentimita chache kutoka ukutani, umeviringishwa utepe mweusi kwa unadhifu kabisa, na kukunjwa nyuma ya kifaa. Fundi aliyeifunga aliona kwamba nyaya mbili zinatosha kuleta maji moto, na kwa hilo hakukosea: shawa isiyo na ethi hupasha maji sawasawa na yenye ethi, ndiyo maana kasoro hii hudumu miaka bila kugunduliwa. Vilevile, ethi iliyofungwa kwenye bomba la maji la chuma hupotea siku ambayo kipande kimoja tu cha bomba hilo kinabadilishwa kuwa cha plastiki.

Nafasi ya kwanza: hita ya tangi

Naiweka juu kwa sababu moja inayozishinda zote: unaweza kuizima kabisa kabla ya kuingia kuoga, na maji yakabaki moto. Hakuna hita ya papo kwa papo, yaani isiyo na tangi na inayopasha maji yanapopita, inayoweza kukupa hilo. Pamoja na hayo, elementi yake, yaani kile kipande kinachopata moto kwa umeme, imefungwa ndani ya ala ya chuma na kutenganishwa nayo kwa unga usiopitisha umeme, na nguvu yake huwa ya wastani, wati 1,500 hadi 3,000, yaani ampia 6.5 hadi 13 kwenye volti 230, kiasi ambacho nyaya na viunganishi hukihimili bila taabu.

Swichi yake lazima ikate waya wa moto na wa nyutro kwa pamoja, ile ambayo mafundi huiita dabo poli, nayo iwe nje ya bafu au mahali ambapo mtu anayeoga hawezi kuifikia. Swichi inayokata waya mmoja tu ikifungwa kimakosa upande wa nyutro, hita itaacha kupasha maji lakini elementi itabaki na umeme saa zote, huku mwenye nyumba akiamini kwamba ameizima.

Ukiwa dukani, omba kifuniko cha chini kifunguliwe. Utakachotafuta ni vidhibiti joto viwili: kimoja cha kila siku, ambacho huwekwa karibu na nyuzi 60 za Selsiasi ili bakteria wasizaliane ndani ya tangi, na kingine cha dharura, chenye kitufe kidogo cha kurudishia kwa mkono, ambacho hukata umeme ikiwa kile cha kwanza kimeganda. Hita yenye kidhibiti kimoja tu iache hapo hapo. Tafuta pia vali ya kupunguzia shinikizo. Maji yanayodondoka kutoka kwenye vali hiyo wakati tangi linapata joto ni ya kawaida, kwa kuwa lita 50 zinapopashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 hutanuka kwa zaidi ya nusu lita. Nimekutana na watu walioziba tundu hilo kwa sababu matone yaliwakera, nao bila kujua wakageuza tangi kuwa chombo cha kupasuka. Kwa kuwa maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, koki ya kuchanganyia maji baridi ni ya lazima, hasa penye watoto.

Udhaifu wake ni subira. Tangi la lita 50 lenye elementi ya wati 1,500 huhitaji kama saa moja na nusu kufikia joto hilo. Tena likijaa huwa zito, zaidi ya kilo 60 pamoja na chuma chake, kwa hiyo ukuta wa matofali membamba haufai. Lisiwashwe kamwe kabla ya kujazwa maji, kwani elementi ikiwaka pakavu ala yake hupasuka, na kupitia ufa huo umeme huingia majini. Kijiti cha magnesi kinacholinda tangi dhidi ya kutu kikaguliwe kila mwaka mmoja au miwili.

Nafasi ya pili: hita ya jua yenye elementi ya akiba

Kwa upande wa umeme hii ni hita ya tangi iliyopanda juu ya paa, na yote niliyosema hapo juu yanaihusu. Nimeishusha hatua moja kwa kuwa waya wake hupita juani na mvuani, ambako ganda lake huchakaa upesi, na kwa kuwa kifaa kilichoko juani huko juu hakikaguliwi na mtu.

Nafasi ya tatu: hita ya ukutani ya papo kwa papo

Hapa umeme unafanya kazi huku mtu akioga, kwa hiyo usalama wote unategemea ala ya elementi, ethi na RCD. Chagua yenye elementi ya ala ya chuma, yenye kihisi cha mtiririko kinachozuia elementi kuwaka maji yasipopita, na yenye alama ya IPX4 au zaidi, maana yake ni kwamba imejaribiwa kwa maji ya kurukiwa kutoka pande zote. Kiwango cha kimataifa kinachohusu vifaa hivi ni IEC 60335-2-35; cha hita za tangi ni IEC 60335-2-21. Namba hiyo ikikosekana kwenye bati la kifaa na kwenye kijitabu chake, sioni sababu ya kuendelea na mazungumzo.

Jambo linalopuuzwa mno ni waya. Wati 5,500 kwenye volti 230 ni ampia 24, na wati 7,500 ni karibu ampia 33. Waya wa milimita mraba 2.5 uliokuwa ukilisha soketi haufai hata kidogo. Kwa ya kwanza panahitajika waya wa milimita mraba 4 au 6, kwa ya pili 6 au 10, kutegemea urefu na jinsi ulivyopitishwa ukutani, nao utoke moja kwa moja kwenye ubao wa breka bila plagi yoyote njiani.

Nafasi ya nne na ya tano: vichwa vya shawa vya umeme

Shika kichwa cha shawa cha bei nafuu, zungusha sehemu ya chini hadi ifunguke, uchungulie ndani. Ukiona waya mwembamba uliosokotwa kama springi ya kalamu, ukiwa wazi, basi maji yatakayokumwagikia kichwani yatakuwa yamegusa waya wenye umeme. Ukiona bomba dogo la chuma lililopinda, ndani yake mmefichwa elementi, na hicho ndicho cha nafasi ya nne.

Kichwa chenye elementi iliyo wazi, ambacho ndicho cha nafasi ya tano, hutegemea ukinzani wa maji yenyewe kupunguza umeme unaovuja, na ndiyo maana vijitabu vyake hutaja kiwango cha chini cha ukinzani wa maji. Maji ya kisima yenye chumvi nyingi hupitisha umeme vizuri, hivyo kifaa kilicho salama kwa jirani huweza kuwa hatari kwako. Aina hii huweza pia kuifanya RCD ikate umeme mara kwa mara, na dawa ambayo mafundi wengine hupendekeza ni kuiondoa RCD. Anayefikia hapo aiondoe shawa.

Koili ya kutumbukiza ndooni naitaja mwisho ili nisionekane nimeisahau. Kwa kuoga isinunuliwe. Hita ya gesi haimo katika orodha hii kwa kuwa hatari yake ni hewa ya kaboni monoksidi.

Siku ya kufunga

Usimlipe fundi kabla ya kuona mambo mawili. Hita ikiwa inawaka, bonyeza kitufe chenye herufi T kwenye RCD. Umeme ukatike papo hapo. Kitufe hicho hakipimi ethi, kwa hiyo mwombe aipime kwa kifaa chake na akuonyeshe namba. Baada ya juma moja la matumizi, swichi kuu ikiwa imezimwa, akaze upya skrubu za viunganishi, kwani shaba hulegea kidogo baada ya kupata moto na kupoa. Plastiki ya kiunganishi ikiwa imegeuka kahawia, muunganisho ulikuwa legevu tangu mwanzo, na hapo kibadilishwe chote na ncha ya waya iliyoungua ikatwe.