Kubadilisha hauzingi ya turbo ya Forester XT pale Ilala: kazi safi ila muda wao sasa

Wenye Forester SG5 XT na Subaru nyingine za turbo ya aina ya TD04, kama fundi kakwambia turbo imekufa tafuta nyingine, subiri kwanza. Yangu ilikuwa nzima kabisa, kilichoharibika ni hauzingi ya upande wa kompresa tu, lile ganda la alumini lenye umbo la konokono, na kuna kagereji ka turbo Ilala mitaa ya Shaurimoyo wamenibadilishia hilo peke yake na gari linavuta fresh.

Chanzo chenyewe ni gereji nyingine niliyokuwa naenda zamani, sitaji jina. Walikuwa wanavua hosi ya akchueta (kale kakifaa kanakosukumwa na upepo kufungua wesigeti) ikawa imeng'ang'ania, wakavuta na plaizi, kale kamrija kanakotokeza kwenye hauzingi kakakatika, wakakapachika na gundi ya chuma wakakausha. Sasa pale ni joto na presha muda wote, gundi ikaachia. Na kamrija kale ndo kanapeleka upepo kwa akchueta ili wesigeti, yaani kimlango cha kupitisha moshi wa ziada pembeni ya turbo, ifunguke, upepo usipofika wesigeti inabaki imefunga, turbo inaendelea kusukuma tu, busti (presha ya hewa inayosukumwa kwenye injini) ikipita kiwango kompyuta inakata mafuta. Yaani uko barabara ya Chalinze unaovateki lori, gia ya tatu, injini inakata inarudi inakata inarudi, na lile lori nalo halipunguzi. Afu kila fundi anayesikiliza anasema turbo hiyo boss, nunua nyingine.

Huyu wa Ilala hakusema hivyo. Alitoa intakula (kile kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo, kwa Subaru inakaa juu ya injini kwahiyo lazima itoke), akavua hosi ya kuingizia hewa, akaingiza vidole akashika ncha ya shafti inayobeba feni ya turbo. Akaisukuma pembeni kidogo, akaivuta mbele nyuma. Akanieleza kwamba mchezo kidogo wa pembeni ni kawaida maana beringi zake zinaelea kwenye oili, ila wa mbele nyuma ukiusikia tu kwa mkono ujue beringi imekwisha, na hapo hauzingi mpya ni kutupa hela kwa sababu feni itaisugua tena. Yangu haikuwa na mchezo huo na feni haikuwa na hata jino lililolika. Ndo akasema tutafute hauzingi.

Hapa kwenye spea ndo pana mambo. Duka la kwanza nikapewa mpya ya boksi, bei nzuri, inang'aa. Fundi akaivalisha juu ya feni bila kufunga, akapitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) kuzunguka, upande mmoja nafasi kubwa upande wa pili feni inakaribia kugusa. Kile kitu kinazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikigusa tu chenga za alumini zinaenda intakula na mwishowe ndani ya injini, na nafasi ikiwa kubwa busti inachelewa na turbo inahangaika bure. Akairudisha mwenyewe dukani, muuzaji akagoma mwanzoni ila akabadili mawazo alipoonyeshwa. Tukaishia kuchukua ya mtumba iliyotoka kwenye turbo yenye feni ya 13T kama yangu, 150,000. Angalia sana hiyo namba, maana TD04 ni familia kubwa, hata Volvo walizitumia zikiwa na feni za 15G na 16T, na hauzingi inachongwa kufuata feni yake. Muuzaji atakwambia zote ni TD04 zinaingiliana. Usikubali.

Kufungua kwenyewe nilikaa pembeni naangalia. Kabla ya yote alikwaruza mstari kwa msumari kutoka kwenye hauzingi mpaka bodi ya kati, ili mdomo wa kutolea hewa urudi unakotakiwa. Akatoa kiklipu cha fimbo ya wesigeti bila kugusa nati ya kurekebishia, hiyo ukiichezea busti yote inabadilika. TD04 haina bolti za kushikia hauzingi, ina saklipu moja kubwa ya duara, na yangu ilikuwa imeshika kutu balaa. Wengine wanapiga nyundo hapo. Huyu alipulizia dawa ya kutu akaenda kunywa chai, akarudi akapulizia tena, afu akagonga taratibu kwa kipande cha mbao huku na huku mpaka ikaachia bila kugusa feni. O-ringi akaweka mpya, washa za shaba mpya, na kabla ya kuunga mrija wa oili akamimina oili kwenye tundu lake, akazungusha feni kwa kidole, afu akapiga stata injini ikiwa haijaruhusiwa kuwaka mpaka presha ikapanda. Hapo nikamkubali.

Kazi 130,000, vikorokoro vya o-ringi na gasketi 45,000 juu yake. Ukilinganisha na turbo nzima hata ya mtumba ni nafuu mno.

Lawama zipo. Waliniambia kesho asubuhi nichukue gari, nikachukua kesho yake usiku, simu hawapokei, na ukienda unaambiwa fundi katoka sasa hivi tu. Klampu za intakula walirudisha zile zile zilizolegea, nikasikia ssss kila nikikanyaga, ikabidi nirudi, walibadilisha bure ila niliwaambia wangeziona kabla. Dhamana ni ya mdomo, risiti ya mkono, kwahiyo dai iandikwe kabisa.

Kitu kingine wao hawakukitaja: ile plati ya namba ya turbo imepachikwa kwenye hauzingi. Ukiweka ya mtumba unabaki na namba ya gari la mtu mwingine, siku unaagiza katriji (ile sehemu ya kati ya turbo yenye shafti na beringi) kwa kusoma plati unaweza kuletewa kitu tofauti. Piga picha ya plati yako ya zamani kabla hauzingi haijaenda kwa wanunua vyuma chakavu, maana vijana wa pale wanaibeba haraka sana, yangu nimeikuta tayari iko kwenye mkokoteni.