Kalipa ya dijitali ya shilingi 38,000: miezi saba nikipimia kina cha valvu, Kibirizi

Niliinunua mwezi wa pili kwenye duka moja la vifaa vya mafundi pale Mwanga, Kigoma mjini. Muuzaji alianzia 45,000, tukavutana mpaka 38,000. Kalipa ni kile kifaa cha kupimia unene, kipenyo na kina. Hii ni ya chuma ya milimita 150, haina jina la kampuni, imekuja na boksi jeusi la plastiki lenye sponji na betri mbili, moja ndani na moja ya akiba. Naandika kwa sababu mafundi wenzangu wa injini za maboti wananiuliza karibu kila wiki kama na wao wachukue. Kwa kupima unene wa shimu (vile vibati vya kujazia nafasi), kipenyo cha shafti au tundu la bushi, chukua bila wasiwasi. Kwa kupima kina, chukua, lakini kwanza soma yaliyonikuta.

Mimi nafanya oveholi za injini za dizeli za maboti ya mbao, yale yanayopakia Kibirizi kwenda Mtanga, Mwamgongo mpaka Kagunga. Injini hizi zinakuja zimechoka. Valvu zimesagwa mara tatu, mara nne, na kila ukisaga, valvu inazama zaidi ndani ya silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Ikizama kupita kiasi, nafasi ya juu ya pistoni inakuwa kubwa, mgandamizo unashuka, na asubuhi nahodha anapiga stata mpaka betri inakata roho. Ukiweka valvu mpya kwenye siti mpya (pale valvu inapokalia) ikabaki imetokeza, inapigana na pistoni, na hiyo injini utaitoa vipande. Kati ya shida hizo mbili kuna nafasi ambayo mara nyingi haifiki milimita moja, na kwa macho huioni.

Siku ya kwanza niliitumia kwenye hedi ya injini ya silinda tatu. Kitabu cha injini ile kilitaka valvu isizame zaidi ya milimita 1.20. Nikatoa kijiti cha kina kile kinachochomoza mkiani, nikapima valvu ya kwanza: 1.08. Nikarudia palepale: 1.21. Mara ya tatu: 0.97. Valvu ni ileile, haijasogea, na kioo cha kalipa kinaandika namba zake kwa uhakika kabisa kama vile kila moja ni ya kweli. Ningeshika ya kwanza ningefunga hedi na kuondoka. Ningeshika ya pili ningemwambia tajiri anunue siti mpya. Nilikaa chini, kwa sababu ile hela si yangu na abiria wa lile boti ni watu.

Nilichokumbuka pale kinatoka mbali kidogo na ziwa. Miaka ya nyuma nilikuwa fundi wa magari kwenye kambi ya uwindaji wa kitalii, Moyowosi. Alikuja mgeni Mmarekani ambaye kwao hujaza risasi zake mwenyewe, yaani hutia baruti na kichwa kwenye ganda, akaja nazo za bunduki ya .375 H&H. Jioni, chini ya taa, alikuwa anazitoa zile zilizobaki kwenye magazini baada ya kupiga, na kuzipima moja moja kwa kalipa. Bunduki nzito ikiruka nyuma, risasi zilizobaki zinajigonga kwenye ukuta wa magazini, na kichwa cha risasi kinaweza kusukumwa kikazama ndani ya ganda. Kikizama, nafasi ya baruti inapungua na presha inapanda. Alitaka kujua kama vichwa vimebaki pale alipovikalisha.

Kilichonishangaza ni kwamba hakupima kutoka nchani. Kwenye taya moja ya kalipa alifunga kipande kidogo cha alumini chenye tundu. Kichwa cha risasi kinaingia kwenye tundu mpaka pale kinaponenepa kikakwama, na yeye anapima kutoka hapo hadi kwenye kitako cha ganda. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua hivyo. Akanipangia mezani risasi tatu za boksi moja. Ncha zake ni za madini laini ya risasi: moja imebonyea, moja imepinda kidogo, moja iko sawa. Ukipima kutoka nchani unapima ule ubonyevu. Ncha haigusi kitu ndani ya mtutu. Kinachokutana na mifereji ya mtutu ni ule unene. Na namba aliyoisoma kwa kipande chake hakuifananisha na ya mtu mwingine, maana tundu la kila kipande lina tofauti yake. Aliilinganisha na namba aliyoiandika nyumbani kwake kwa kipande hichohicho.

Sijawahi kujaza risasi na sina haja hiyo, lakini lile somo nilihama nalo kuja Kibirizi. Kabla ya kuuliza namba, uliza unapima kutoka uso gani, na kama ndio uso unaofanya kazi.

Basi nikaichukua kalipa yangu nikaenda nayo Ujiji kwa mzee mmoja aliyestaafu karakana ya reli. Ana venia, yaani kalipa ya mistari, ya Mitutoyo ya zamani, haina betri, mistari tu, na ameitunza kuliko anavyotunza baiskeli yake. Nikampa shikamoo, nikamweleza. Hakuigusa hedi hata kidogo. Alichukua kipande cha kioo cha dirisha, akasema, "Mwanangu, funga taya uweke sifuri. Sasa isimamishe kwenye kioo kwa mkia wake, ushushe kijiti mpaka kiguse." Nikafanya. Kioo cha namba cha kalipa kilitakiwa kubaki 0.00. Kikaandika 0.06.

Hapo ndipo kasoro ya kwanza. Ukifunga taya, mwisho wa mwili wa kalipa na mwisho wa kijiti cha kina vinatakiwa viwe usawa mmoja. Hii yangu haikusagwa pamoja, kwa hiyo sifuri ya taya si sifuri ya kina. Anayepima shafti hataijua kasoro hiyo maisha yake yote. Ya mzee tuliisimamisha palepale, mistari ya sifuri ikakaa uso kwa uso.

Kasoro ya pili ni umbo lenyewe, na hii hata kalipa ya bei kubwa inayo. Mkia unaoukalisha juu ya hedi ni mwembamba, hauzidi sana upana wa kidole gumba. Mkono ukilala kidogo tu, namba inaondoka. Zile 1.08, 1.21 na 0.97 zilikuwa mkono wangu, wala si valvu.

Nilichofanya: nilipeleka kipande cha shaba kwa fundi wa lezi, akanikerezea daraja la milimita 75, chini limesawazishwa, katikati lina mwanya wa kupitisha mkia wa kalipa na skrubu ya kuubana. Alinitoza 12,000. Sasa nalikalisha daraja kwenye kioo, nashusha kijiti mpaka kiguse, nabonyeza sifuri hapo, kisha nahamia kwenye hedi. Kwa njia hii zile 0.06 zinafutika zenyewe, na hapa dijitali inaishinda venia ya mzee, kwa sababu unaweza kuweka sifuri popote unapotaka. Nikarudia valvu ileile ya kwanza: 1.12, 1.13, 1.12. Iko ndani ya kitabu. Nikafunga hedi nikiwa na amani.

Usafi nao. Uso wa valvu ukiwa na masizi unapima masizi. Valvu nyingine zina kishimo katikati au namba zilizogongwa kiwandani. Chagua sehemu bapa na ubaki hapohapo kwa valvu zote. Uso wa hedi upanguswe, mabaki ya gasketi yatoke yote, maana daraja likikaa juu ya kipande cha gasketi kazi yote ni bure.

Joto nimeulizwa pia. Kwa kina cha milimita moja halina neno. Kwa pistoni lina neno: vipimo vya vitabu vinahesabiwa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na alumini ya milimita 100 ikizidi nyuzi 10 inaongezeka kama milimita 0.023, chuma nusu ya hapo. Kwa hiyo pistoni iliyokaa juani saa saba mchana usiipime. Iweke kivulini pamoja na kalipa, kunywa chai, kisha rudi.

Betri ndiyo inayoniudhi zaidi. Unaizima kalipa, kioo kinalala, lakini ndani inaendelea kula umeme. Betri ya kwanza, aina ya LR44, haikumaliza miezi miwili. Siku hizi naitoa kila jioni na kuiweka kwenye kona ya boksi. Namba zikianza kupepesa, acha kupima. Mafuta au maji yakiingia chini ya kile kitelezi, namba zinaruka ovyo. Napangusa kwa kitambaa kikavu kila baada ya kazi, na taya nazipaka oili kidogo kwa sababu unyevu wa ziwa umeshaanza kuziotesha kutu.

Muuzaji mara ya kwanza hakutaka nifungue boksi kabla ya kulipa, na hilo sikulipenda. Nilirudi mwezi wa sita kumtafutia kalipa kijana ninayemfundisha kazi, nikamweleza habari ya sifuri ya kina, akaniachia. Kaunta yake ni ya kioo kinene. Tulisimamisha kalipa sita hapo, moja baada ya nyingine. Nne zilisoma kati ya 0.03 na 0.08. Mbili zilisoma 0.00. Kijana akachukua moja, na ile nyingine muuzaji aliitia alama ya kalamu kwenye boksi, akairudisha rafu ya juu kumwekea fundi atakayeulizia ya kupimia kina.