Kununua taa ya LED ya pikipiki: ipi ianze, ipi iachwe, na nyaya zake

Ukiulizia LED ya taa ya mbele, muuzaji ataanza na lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga: elfu nane, elfu kumi na mbili, elfu ishirini. Mwache amalize. Balbu ya kawaida ya halojeni ya aina ya H4, ya wati 60/55, hutoa takribani lumeni 1,650 kwenye fulu na 1,000 kwenye dimu. Aina ya HS1 ya wati 35, inayofungwa kwenye pikipiki nyingi za injini ndogo, hutoa 825 na 525. LED nzuri hutoa lumeni mia moja na ushei kwa kila wati, kwa hiyo balbu inayokula wati 20 itaishia kwenye elfu mbili na kidogo. Hesabu iliyoandikwa kwenye boksi ni ya kuuzia.

Cha kuangalia ni mwanga unatua wapi. Balbu ya halojeni ina uzi mwembamba uliowekwa mahali maalumu, na riflekta, yaani bakuli linalong'aa nyuma ya balbu, imechongwa kuufuata uzi huo. Chipu za LED zikikaa pembeni kidogo tu ya pale uzi ulipokuwa, au zikiwa juu ya kibao kinene, mwanga hutawanyika: miti inaangaza, anayekuja mbele anafumba macho, na shimo lililo mita thelathini mbele yako hulioni. Upangaji ufuatao unafuata kigezo hicho.

Ya kwanza: taa nzima iliyoundwa kwa LED

Kama pikipiki yako ina taa ya duara ya kipimo cha kawaida, inchi 7 au 5¾, nunua taa kamili yenye lenzi, chipu na kipozajoto vilivyoundwa pamoja. Ukiielekeza ukutani utaona mstari ulionyooka kati ya mwanga na giza, na ndio unaolipia. Tafuta alama ya idhini: herufi E ndani ya duara pamoja na namba, iliyochongwa kwenye kioo. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawaligusi: nyingi ya taa hizi hupandisha mwanga upande mmoja ili kumulika ukingo wa barabara. Iliyotengenezwa kwa nchi zinazoendesha upande wa kulia itapandisha upande wa kulia, na ukiendesha kushoto utakuwa unawachoma macho wanaokuja. Uliza kabla ya kulipa.

Ubaya wake ni bei na uzito. Pia pikipiki yenye taa ya umbo lake yenyewe, iliyoungana na kava la mbele, haina nafasi ya kitu hiki.

Ya pili: balbu ya halojeni mpya na nyaya safi

Najua hukuja kusoma hili. Lakini mwanga wa halojeni huanguka kwa kasi kuliko umeme wake: balbu iliyopimwa kwa volti 13.2 ikipata 12 tu, hubakiwa na kama asilimia 72 ya mwanga. Pikipiki ya miaka kadhaa, yenye soketi iliyoungua na hasi yenye kutu, hupoteza volti hiyo moja bila shida. Wengi wanaolalamika kwamba taa ya kiwandani haioni wanalalamikia nyaya. Kwa riflekta ya halojeni, halojeni yenye umeme wa kutosha huzishinda nusu ya LED zilizoko sokoni, na polisi hawana la kukuuliza.

Ya tatu: balbu ya LED ya kubadilisha

Hii ndiyo inayonunuliwa zaidi, na inaweza kuwa nzuri ukiichagua kwa jicho. Kibao cha chipu kiwe chembamba. Chipu ziwe safu mbili tu, zikitazama kushoto na kulia baada ya kufungwa. Ile yenye chipu pande zote kama gunzi la mahindi irudishe. Kwenye H4 na HS1, chini ya chipu za dimu lazima kuwe na kikombe kidogo cha bati kinachozuia mwanga usipande. Ringi ya kitako iweze kulegezwa na kuzungushwa ili upange mkao. HS1 na H4 zinafanana kwa macho lakini vitako havilingani, kwa hiyo toa balbu ya zamani uende nayo dukani.

Kati ya feni na kipozajoto cha shaba au alumini, mimi huchukua kisicho na feni, hata kama kinatoa mwanga kidogo pungufu. Feni ndogo hula vumbi na maji hadi ikwame, kisha chipu inajichoma. Na rangi, inayopimwa kwa kelvini (namba ikipanda mwanga huwa mweupe wa kibuluu, ikishuka huwa wa njano): 6,500 hupendeza dukani, ila kwenye mvua na vumbi karibu 4,300 husaidia zaidi.

Kisheria, nchi nyingi haziruhusu LED ndani ya taa iliyoidhinishwa kwa halojeni. Ujerumani ilianza kukubali baadhi mwaka 2020, na hata huko ni kwa modeli zilizoorodheshwa tu. Fahamu kanuni ya kwako kabla hujakataliwa kwenye ukaguzi.

Ya nne: spotilaiti za nyongeza

Ni msaada wa fulu kwenye barabara tupu, wala si badala ya taa ya mbele. Zifungwe na relei (swichi inayoendeshwa na umeme), fyuzi na swichi yake, zizimike unapokutana na mwenzio.

Kabla hujalipa: umeme wa taa yako ni wa aina gani?

Pikipiki nyingi ndogo hulisha taa ya mbele moja kwa moja kutoka kwenye koili za magneto (jenereta ndogo ya injini), bila kupitia betri. Dalili yake: ukifungua ufunguo bila kuwasha injini taa haiwaki, na ikiwaka hupanda na kushuka kufuata mafuta unayotoa. Huo ni umeme wa AC, unaogeuka mwelekeo kila mara, na LED ya DC, yaani ya umeme wa betri, hapo itapepesa kisha ife. Nunua iliyoandikwa kupokea AC na DC, au fundi auhamishe mstari wa taa kwenye betri. Ukihamisha, pima betri taa ikiwaka na injini ikiwa kwenye mwendo wa kati: isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikibaki chini ya 13, chaji haitoshi na betri itakuangusha.

Nyaya

Washa taa. Gusisha ncha moja ya mita ya kupimia volti kwenye chanya ya betri, nyingine nyuma ya soketi ya balbu kwenye waya wa dimu. Ikisoma volti 0.3 hivi, endelea na safari. Ikikaribia 1, umeme unapotea njiani: swichi ya usukani, soketi, au kiungio chenye ukoga wa kijani. Rudia upande wa hasi. Mara nyingi tatizo liko pale waya wa hasi unapofungwa kwenye fremu, rangi ikiwa bado iko chini yake. Kwangua hadi chuma king'ae, kaza, paka grisi.

Mahali pa pili pa kuchunguza ni shingo ya usukani. Zungusha usukani mwisho kwa mwisho huku taa inawaka. Ikipepesa, waya umekatika ndani ya ganda lake. Acha ulegevu hapo, usibane na zipu tai (ukanda wa plastiki wa kufungia) hadi waya ukakamae. Viungio vibane kwa koleo la teminali na kuvifunika mpira wa kusinyaa kwa joto. Risasi ya kuchomelea hugeuza waya kuwa mgumu, na mtikisiko huukata pembeni ya kiungio. Kwa taa ya nyongeza, fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na taa.

Usikate mpira wa vumbi nyuma ya taa ili kipozajoto kipite. Maji yataingia, riflekta itachakaa, na hapo hata balbu bora haitasaidia.

Mwisho elekeza taa: pikipiki mita 5 kutoka ukutani, wewe ukiwa umekaa juu yake, dimu ikiwaka. Weka alama ya kimo cha katikati ya taa ukutani. Mstari wa juu wa mwanga ushuke sentimita 5 hadi 7 chini ya alama hiyo. Ukibeba abiria mara kwa mara, pima mkiwa wawili.