Nilimpeleka mama Bagamoyo, nikarudi na maumivu ya shingo

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyoibania ni ya mnyororo, nitaieleza.

Tulikwenda watatu: mimi, mama yangu aliyekuja Dar kututembelea kutoka Tabora, na mpwa wangu wa darasa la tano. Basi tulipandia Makumbusho, karibu na Kijiji cha Makumbusho kilichoanzishwa miaka ya 1960. Kule nilishaenda. Nyumba za makabila zimejengwa vizuri, udongo wa kweli na nyasi za kweli, ila ukiingia ndani hakuna moshi wala mtu wa kukuuliza umetoka wapi. Ngoma isipopigwa, ni kama umefika kwa watu waliohama jana. Bagamoyo nilitarajia zaidi, maana kule watu bado wanaishi.

Jengo la kwanza silitaji, na kijana aliyetutembeza naye simtaji, kwa sababu baadaye alinifurahisha mno. Mchangamfu, Mzaramo, sauti inafika mpaka barabarani. Lakini nusu saa nzima ilikuwa watumwa, watumwa, watumwa. Mateka walibwaga moyo hapa, alisema, ndipo mji ukapata jina. Kisha akatoa mnyororo, akamvisha mpwa wangu shingoni. "Dogo, fanya kama unalia. Mjomba, piga picha."

Mtoto alikuwa anacheka. Mama akasema neno moja tu: "Mvue."

Wanaoigiza historia wamekwaa kisiki hiki hata kwingine. Williamsburg, jimbo la Virginia huko Marekani, kuna mji mzima wa makumbusho ambako wafanyakazi huvaa na kuongea kama watu wa karne ya 18. Mwaka 1994 waliigiza mnada wa watumwa, na wapo waliokwenda kuupinga palepale. Lakini wale walau walikuwa waigizaji waliojiandaa, wakionyesha familia inavyotenganishwa. Sisi mtoto alivishwa mnyororo kama kofia ya sikukuu.

Nilidhani safari imeharibika. Mama akamgeukia yule kijana. "Mwanangu, na waliokuja kwa mshahara je?"

Kijana kimya.

"Wewe kabila gani?"

"Mzaramo, bibi."

"Kumbe mtani wangu! Ndiyo maana unanidanganya mchana kweupe."

Hapo ndipo siku yetu ilipoanza. Mama ni Mnyamwezi, na utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulikolezwa na njia ya misafara kati ya Tabora na Bagamoyo. Akaeleza kwamba kwao wanasimuliana habari za baba wa babu yake, aliyeshuka pwani kwa miguu na pembe ya ndovu begani, akarudi na merikani, yaani vitambaa vya pamba, akaoa. Hakukana utumwa, watu waliuzwa na damu ilimwagika. Alichokataa ni Mnyamwezi kuonyeshwa akiwa amefungwa tu, wakati maelfu walipita Bagamoyo wakiwa wapagazi wa kulipwa, wanaojua bei ya mgongo wao.

Cha ajabu, kijana alikuwa anayajua yote. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, zaidi kidogo ya kilo 30. Kirangozi, kiongozi wa msafara, alitangulia na bendera. Posho ililipwa kwa nguo na shanga, ukabadilishe chakula vijijini. Kufika Tabora, kama miezi mitatu.

"Sasa mbona hukusema?"

"Bibi, wageni wanataka mnyororo. Nikianza wapagazi, wanashika simu."

Mpwa wangu akauliza kilo 30 ni nzito kiasi gani. Swali hilo hakuna kibao ukutani kinacholijibu. Kijana akatupeleka duka la jirani, nikanunua kiroba cha sembe cha kilo 25. Dogo hakuweza hata kukinyanyua. Nikakibeba mimi, kutoka dukani kuelekea Misheni ya Wakatoliki, jua la saa sita. Nilibadilisha bega mara nne. Kwenye ile njia ya miembe ya Misheni nilikitua, nikakaa juu yake, na mama akanikumbusha kwamba bado kilo kama saba na miezi mitatu.

Misheni ilianzishwa 1868, na makumbusho yake ni ya vibao na picha, ya kusoma polepole. Kuna mnara ambako mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi, ulilazwa Februari 1874, baada ya watu wake kuubeba toka Chitambo, Zambia ya leo. Wanaotajwa sana ni Susi na Chuma. Kijana, sasa amechangamka kwa namna nyingine, akamwongeza Halima, mpishi wa msafara ule. Mama alifurahi kuliko wakati wowote.

Kaole, nje kidogo ya mji, tulifika jioni tumechoka. Magofu ya misikiti, makaburi ya nguzo, mbuyu mkubwa, utulivu. Pale hakuna anayeigiza chochote na wala hapahitaji. Nendeni asubuhi, na maji yenu.

Ushauri wangu kwa wanaotembeza watu: mnyororo uacheni kwenye kabati la kioo, wekeni mzigo wa frasila mbili mlangoni, kila mgeni aujaribu. Na mkimpata bibi wa Tabora kwenye kundi, nyamazeni kidogo.

Wakati wa kuagana nilitoa pesa tuliyopatana. Mama akazuia mkono wangu, akakisukuma kile kiroba kwa mguu mpaka mbele ya kijana.

"Kwanza posho, mtani. Mshahara utafuata."

Alikipokea kwa mikono miwili, akakitupia begani kama mto, akaondoka anapiga mluzi. Mimi shingo inauma mpaka leo.